Mbuzi wa Akika wa Kidutani

Unguja, 14 Machi 2021

Kaka yangu Mbarouk,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima wewe na wifi Mize. Masikio yako najua bado ni yale yale, kwa hiyo tuendelee hivi hivi kwa karatasi. Nimechoka kupiga simu nikapaza sauti mpaka wagonjwa wodini wakanitazama, na wewe unanijibu habari za mihogo.

Nina jambo. Unajua kazi yangu ya ukunga. Kila mtoto anayezaliwa mikononi mwangu, wazee wake wanahangaika kabla ya siku ya saba kutafuta mbuzi wa akika. Mtoto wa kiume mbuzi wawili, wa kike mmoja. Mbuzi wa huku mjini wanakula makaratasi na mifuko ya plastiki, mtu anaona kinyaa. Jana mzazi mmoja kaniuliza, "Dada Time, kwenu Pemba hakuna mbuzi safi?" Nikacheka, halafu nikakaa nikafikiri.

Kidutani, kile kisiwa chetu, kimelala bure tangu kisima chake kiingie chumvi na wazee wetu wakahamia Makoongwe. Majani tele, mikoko ya mchu tele, hakuna shamba la mtu wa kugombana naye, hakuna haja ya mchungaji. Unawashusha mbuzi, unawapelekea maji, basi. Najua Mama, Mungu amrehemu, alikuwa hataki kusikia mbuzi akivushwa kwenda kule. Lakini Mama hata kuku akiparura uani alikuwa akimkemea. Hii ni kazi ya halali, kaka, na thawabu juu yake. Wateja niachie mimi.

Nisalimie kaburi lake. Kausia azikwe kule kule Kidutani walikolala wazee wake, na mimi siku ya maziko boti haikuondoka. Mwaka wa pili sasa na sijalitia machoni. Mwaka huu lazima nije.

Mdogo wako,
Time


Makoongwe, 2 Aprili 2021

Mdogo wangu Time,

Waalaykum salaam warahmatullah. Barua yako kaniletea Ahmada mwenye mashua, kaitia ndani ya kofia isirowe, nimeipata ina harufu ya kichwa chake.

Miye mwanzo nlikataa. Nlimwambia Mize, huyu Time keshakuwa mjanja wa mjini, na usia wa Mama wa mbuzi kausahau. Mize akanitazama akasema, "Na weye ushakuwa mzee, mishipi huiwezi tena, sasa utakula nini, upepo?" Ewe, ndoa ya miaka thelathini na mbili, bado ananipiga dongo moja nikakaa chini.

Basi tumewavusha wanane Jumamosi. Usiombe! Beberu mmoja kajitupa majini, Ahmada kamfuata na nguo zake, kamkamata pembe, wamerudi wote wawili wanakohoa. Kaapa hapakii tena mnyama aliye hai kwenye mashua yake. Keshokutwa namtuma tena, utaona kama hatapakia.

Tulipowafungua walisimama ufukweni wamepigwa na butwaa. Kisha wakauona ule mlakasa unaotambaa mchangani na maua yake ya zambarau. Lo! Vichwa chini, hawakuviinua mpaka tunaondoka. Nlifurahi, nakwambia kweli. Nlikwenda pale kwa Mama nikamwambia, Mama, umepata wageni, wavumilie. Sijui kama kaniridhia.

Nisalimie Nahla. Mwambie mjomba wake anamtaka aje ajue kwao.

Kaka yako,
Mbarouk Bakar


Unguja, 20 Agosti 2022

Kaka Mbarouk,

Salamu nyingi na shukurani nyingi zaidi. Unajua kama mbuzi wako wamepata jina? Watu hawaagizi tena mbuzi, wanaagiza "wa Kidutani". Wanasema nyama yake haina vumba, inaiva upesi, na mchuzi wake hata ukilala haugandi. Mimi nachekea ndani, nikikumbuka Ahmada alivyozama.

Mwezi huu peke yake: Bi Ruweida kapata pacha wa kiume, hao wanne kwa mpigo. Mke wa mwalimu mmoja wawili. Wajukuu wa kike wa jirani yangu watatu, kila mmoja na wake. Na sasa hata hitima na harusi wanawataka. Uliniandikia wako ishirini na tisa. Hawatoshi. Nunua majike huko Ole, nunua Msuka, wavushe wazaane. Kisiwa ni kikubwa na hakina mwenyewe ila sisi.

Nilipanga nije Shaabani iliyopita, nikae kwa Mama nimsomee Yasini kwa utulivu. Zamu zikanibana, na wiki ile ile nilikuwa na mbuzi kumi na mmoja wa kupokea bandarini. Mwakani inshallah. Najua Mama hanikasirikii, alikuwa anapenda mtu mwenye kazi.

Wako,
Time


Makoongwe, 9 Oktoba 2022

Mdogo wangu,

Nimefanya ulivyotaka. Wako sitini na tatu.

Sasa nikwambie nnayoyaona, na weye ni msomi utapima. Mlakasa umekwisha. Si umepungua, umekwisha, hata kamba zake wamezitafuna. Wamehamia kwenye mchu. Wanasimama kwa miguu ya nyuma, kama watu wazima, wanakata majani mpaka wanapofika. Na ile miche michanga inayoota topeni, hakuna unaovuka urefu wa kidole. Nawapelekea maganda ya ndizi na majani ya viazi kwa mashua, lakini sitini na tatu, bibi wee, si mchezo.

Mize na wenzake walikuwa wakiokota chaza kwenye mizizi ya mchu kule. Sasa wanarudi na kapu nusu. Ananipakulia chakula kimya kimya, na weye wamjua Mize akinyamaza.

Kaja pia Bi Mardhiya, mwanamke mmoja wa idara ya misitu. Kanambia, "Mzee Mbarouk, mchanga wa kisiwa kile unashikwa na majani. Yakiondoka, bahari itaingia inavyotaka." Miye nikamjibu mbele ya watu, mwanangu, miye nimezaliwa kwenye mchanga huo, weye umezaliwa Wete kwenye lami. Watu wakacheka. Nlijiona nimesema. Akaniuliza mbuzi wanakwenda kwa nani, nikakutaja, akaandika nambari yako ya simu.

Je, tupunguze kidogo? Nauliza tu.

Mbarouk


Unguja, 3 Januari 2023

Kaka,

Naandika mbio mbio, anayeichukua barua anaondoka na boti ya asubuhi. Kupunguza vipi na mwezi huu nina watoto kumi na saba? Nishawaahidi watu. Hao wa misitu kazi yao ni kukataza. Mvua ya masika ikinyesha majani yatarudi, tangu dunia iumbwe majani yanarudi. Na Sikukuu Kubwa ya Mfunguo Tatu watu wanataka wa kuchinja arubaini. Tukishapita hapo tutapumzika sote.

Time


Makoongwe, 11 Septemba 2023

Mdogo wangu Time,

Usipokee tena mteja. Mbuzi hakuna. Sababu ipo, tutazungumza Mungu akijaalia.

Mbarouk


Unguja, 25 Septemba 2023

Kaka Mbarouk,

Sababu ipi hiyo isiyoandikika? Nina wazazi watatu hapa nimewapa ahadi, mmoja mtoto wake kesho anatimiza siku saba. Nimesimama mbele ya mume wake nimetahayari mpaka jasho.

Lakini sababu naijua. Himid, anayepeleka nyama mahotelini, kaonekana Mkoani anapakia mbuzi zaidi ya hamsini. Watu wakamuuliza wa nani, akasema wa Mzee Mbarouk wa Makoongwe. Wote! Mimi niliyewapa jina, mimi niliyekimbia bandarini juani na buibui langu limejaa mavi ya mbuzi, leo siambiwi hata neno. Ungenambia tu, Time, Himid ana bei nzuri kuliko yako. Ningeumia lakini ningekuelewa. Baba hakutulea hivi.

Sitaki mbuzi tena. Nakuomba kitu kimoja. Mwazime simu mtu yeyote mwenye kamera, unipigie picha ya kaburi la Mama unitumie. Hilo nadhani Himid hajalinunua.

Time


Makoongwe, 30 Oktoba 2023

Mdogo wangu,

Ni kweli nimempa Himid wote. Sema utakalo, nimestahiki.

Picha sikupata wa kunipigia. Simu ya Ahmada imeingia maji. Kaburi la Mama usiwe na wasiwasi nalo.

Mize anakusalimu. Miye afya si mbaya, ila usingizi haupo.

Mbarouk


Unguja, 18 Januari 2024

Kaka yangu,

Nimekaa na hasira miezi mitatu, na hasira yenyewe imenichosha. Sisi tumebaki wawili tu. Barua yako ile ilikuwa fupi, kila nikiisoma naona mtu mgonjwa. Kama nilikuvunjia heshima, nisamehe, mdomo wangu unaujua tangu mdogo.

Nakuja. Safari hii sitanii, likizo nimeshasainiwa. Jumatano ya tarehe 21 Februari, katikati ya Shaabani, tutashuka Mkoani mimi na Nahla. Mtoto kaihifadhi Yasini yote, na amesema ya kwanza kuisoma bila msahafu ataisoma kwa bibi yake. Kila siku ananiuliza kaburi likoje, lina mti, lina jiwe, na mimi mama mzima namjibu, utaliona.

Nna deni na Mama, kaka. Hakuna siku niliyopitisha bila kufikiria kwamba kafa akiuliza Time kafika. Nataka kukaa pale nimwambie mwenyewe kwamba nilikwama. Mwambie Ahmada aweke mashua tayari.

Mdogo wako akupendaye,
Time


Makoongwe, 29 Januari 2024

Time, mdogo wangu,

Barua hii nimeianza mara nne. Mize kasema usipoiandika weye naiandika miye.

Usije na moyo ulio nao. Kaburi la Mama halipo.

Nilikuongopea Oktoba, wallahi kwa aibu tu. Sasa nakwambia ilivyokuwa. Bi Mardhiya alirudi mwezi wa Juni. Safari hiyo sikumcheka. Nlimpeleka mwenyewe Kidutani nikamuonyesha mchanga ulivyokatika mpaka ubavuni mwa kaburi la Mama, lile la mwisho upande wa bahari. Mchu uliokuwa mbele yake umekauka, mbuzi wameuchuna ganda. Akapiga picha. Akasema, "Watoe mbuzi wiki hii, Mzee." Nikamwambia tupite Sikukuu Kubwa kwanza, kuna watu wameahidiwa. Akasema basi atakuandikia weye. Sijui kama aliandika. Sikukuuliza, kwa sababu nlikuwa nangoja weye ndio uniambie tuache, nisiwe miye niliyeacha. Sikukuu ikapita. Nikasema na hizi akika mbili tatu zilizobaki. Kila wiki nlikuwa na wiki nyengine.

Mwezi wa Agosti likaja bamvua kubwa, maji yanajaa kupita kiasi, na upepo wa kusi unavuma juu yake. Siku tatu hatukuvuka. Siku ya nne tumekwenda miye na Ahmada na madumu ya maji ya mbuzi. Ile safu ya makaburi matano ilikuwa pwani tupu. Mifupa ilikuwa majini, mawimbi yanaisukuma na kuirudisha, yanaisukuma na kuirudisha. Mbuzi wamesimama juu wanatutazama, wana kiu.

Tulivua mashati tukaikusanya. Ahmada analia kwa sauti, miye sikulia, nlikuwa natafuta tu. Nlitafuta mpaka maji yakajaa kifuani. Shehe Suhaib kasimamia, tumewazika huku Makoongwe, kaburi moja, sanda moja, kwa sababu hatukujua nani ni nani. Shehe anasema mifupa tuliyoipata ni ya watu watatu, labda wanne. Walikuwa watano. Sijui, Time, kama Mama yumo. Kila Ijumaa naliendea lile kaburi namtolea salamu, na naogopa namsalimia mtu mwengine.

Himid nilimwita miye. Nlimwambia awachukue siku ile ile, nisiwaone. Wamekula walichokikuta, hawana lao. Aliyewashusha ni miye, na Mama alinikataza kwa mdomo wake.

Sasa nakwenda na Bi Mardhiya na Mize kupanda miche ya mchu. Tumepanda mara mbili, mara ya kwanza imechukuliwa yote. Mchanga haukai.

Ningeweza kukuonyesha kaburi lolote, usingejua. Nlilifikiria hilo, usidhani sikulifikiria. Nikamkumbuka Nahla na Yasini yake nikashindwa.

Niwie radhi. Na kama huwezi, nistahi tu mbele ya mtoto.

Kaka yako,
Mbarouk


Unguja, 9 Februari 2024

Kaka yangu Mbarouk,

Barua nimeipata Jumamosi, nikaisomea stoo ya shuka nimejifungia. Nilikukasirikia. Nilisema maneno huko ndani peke yangu ambayo sitayaandika. Kisha wakaja kunigongea, kuna mzazi yuko tayari, nikaosha uso nikaenda nikazalisha. Mtoto wa kiume. Bibi yake akanishika mkono, "Dada Time, wale mbuzi wako wa Kidutani bado wapo?" Nikamwambia hawapo. Akasema ee, pole. Nikaona kama kanipa mkono wa taazia.

Nahla nimemwambia. Kalia, halafu kaniuliza, "Sasa nitamsomea wapi bibi?" Nimemwambia utasoma kote kuwili, Makoongwe na Kidutani. Kwa hiyo tunakuja vile vile, Jumatano ile ile. Mwambie wifi Mize asihangaike kupika nyama.

Unaniomba radhi mimi, kaka. Sikiliza kwanza.

Bi Mardhiya aliniandikia. Mwezi ule ule wa Juni, kwenye simu. Nilikuwa bandarini nahesabu mbuzi wa Sikukuu wanaposhuka. Aliandika kwa adabu sana: "Dada Time, naomba usimwagize tena Mzee Mbarouk mbuzi. Tazama hali ya Kidutani." Akatia picha. Kaburi moja, mchanga umeliwa ubavuni, jiwe la kichwani limeinamia baharini, na mbuzi wawili wamelala juu yake wanacheua.

Niliiangalia vizuri, sikuipitia tu. Kidutani nilikijua. Kaburi sikulijua, ningelijuaje? Nilidhani la wale wazee wa zamani wasiokumbukwa majina. Nikamwona Bi Mardhiya anatafuta la kunitia hatiani, nikaudhika, nikamjibu, nikaendelea kuhesabu mbuzi. Wewe sikukwambia, kwa sababu ungepata kisingizio cha kupunguza.

Jana nimempigia. Nikamuuliza, ile picha ilikuwa ya kaburi la nani? Akasema, "La mama yenu, Dada Time. Mzee ndiye aliyenionyesha. Nilikutumia hilo makusudi, nikajua ukiliona utasimamisha siku hiyo hiyo."

Jibu nililomjibu wakati ule bado limo kwenye simu. Nimelisoma jana na leo, na Jumatano nitakupa ulisome kwa macho yako, nisije nikalipunguza. Nilimwandikia hivi:

"Huyu aliyezikwa hapa hana watoto wa kumwangalia?"

Mdogo wako,
Time